Treni ya mvuke kwenye mlima mkali: dalili, chanzo na la kufanya

Mjukuu wangu anaongoza watalii hapa Mwanza. Anawavusha kwenda Saanane, anawapiga picha mbele ya Jiwe la Bismarck, na mara kwa mara hukutana na mgeni anayeuliza treni za moshi ziliishia wapi. Wiki iliyopita alikuja nyumbani na wenzake wawili, wameshika daftari. Wanataka kujua kinachohitajika ili siku moja kichwa cha mvuke kivute tena watalii kutoka ukingoni mwa ziwa, na macho yao yako kwenye njia ya Kisumu kupanda Mau. Reli yetu ya Tabora hadi Mwanza, iliyofika hapa mwaka 1928, inapita katikati ya mawe mazuri sana, lakini haina mlima wa kulinganisha na ule.

Mlima ule naujua. Niliufanyia kazi nikiwa faiamani kijana, yaani mtu wa kutunza moto na maji ya boila, kabla shirika la pamoja la reli la Afrika Mashariki halijavunjika mwaka 1977. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Mau Summit iko juu ya mita 2,500. Treni ikitoka Kisumu inapandishwa karibu mita 1,400 ndipo ianze kuteremka kwenda Nakuru.

Nimeandika kwa mpangilio tuliofundishwa: unaanza na unachokiona, unachokisikia au unachokinusa, kisha unarudi nyuma kutafuta kilipoanzia. Mtaona kwamba mara nyingi kilianzia mbali na pale treni iliposimama. Kilianzia kwenye bomba mlikojazia maji, kwenye sanduku la mchanga, au kwenye karatasi ya uzito wa mabehewa ambayo mtu aliisaini bila kuisoma.

Magurudumu yanazunguka, treni haisogei

Mtaisikia kabla ya kuiona. Ule mpigo wa moshi unaokwenda taratibu unageuka ghafla kuwa mngurumo mfululizo, na kichwa kizima kinatetemeka. Dereva afunge regyuleta papo hapo, yaani ule mkono unaoachia mvuke kwenda kwenye silinda, asubiri magurudumu yatulie, ndipo afungue tena kidogo kidogo. Asimwage mchanga wa kuongeza mshiko kwenye reli magurudumu yakiwa bado yanazunguka kwa kasi. Yakishika reli ghafla, nguvu yote inaishia kwenye vyuma vya pembeni vinavyounganisha magurudumu, na vyuma hivyo hupinda.

Hayo ni ya dakika ile. Chanzo kitafuteni kwanza kwenye hesabu. Chukueni mlima wa 1 kwa 50, yaani kila mita 50 mnazosonga mmepanda mita 1. Hapo kila tani ya treni inavuta kurudi nyuma kwa nguvu ya kilo 20, na msuguano wa kawaida wa magurudumu na beringi unaongeza kama kilo 5. Treni yenye uzito wa tani 250, kichwa kikiwemo, inadai nguvu ya kilo 6,250. Sasa tazameni kichwa chenye tani 40 juu ya magurudumu yanayosukuma. Reli ikiwa kavu na safi, magurudumu yanashika kwa takriban robo ya uzito huo, kilo 10,000, na mnapanda huku mkiimba. Reli ikipata umande na vumbi, mshiko unashuka hadi sehemu 15 kwa 100, na mna kilo 6,000 tu. Treni ile ile, dereva yule yule, mahali pale pale, na mmekwama.

Kwa hiyo anayepanga mabehewa asipange kwa hesabu ya reli kavu. Punguzeni hadi tani 180 na mahitaji yanakuwa kilo 4,500, mkapanda hata asubuhi yenye umande. Najua wauza tiketi watalalamika kwamba behewa moja likiondolewa faida imekwenda. Waacheni walalamike wakiwa stesheni. Abiria aliyekwama saa tatu porini na watoto atalalamika zaidi, tena kwa haki.

Halafu kuna uchafu wa reli. Mvua kubwa haina neno sana, inaosha. Kinachotesa ni manyunyu ya mwanzo, yanayogeuza vumbi na mafuta kuwa utelezi. Kwetu ziwani kuna na wale visubi wanaopanda kutoka majini kama wingu la moshi. Wakitua kwenye reli na kusagwa, ni kama mtu amepaka samli. Chanzo kingine ni grisi inayopakwa pembeni mwa reli kwenye kona ili magurudumu yasilie na kulika. Ikizidishwa inapanda juu ya reli, na kona kali iliyoko mlimani ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kupoteza mshiko. Mkiona treni inateleza kila safari kwenye kona moja, shukeni mkaguse reli kwa kidole kabla ya kumlaumu dereva.

Na mchanga wenyewe. Nimeona masanduku yaliyojazwa mchanga uliochotwa ufukweni asubuhi ile ile. Mchanga mbichi hauteremki kwenye bomba, unaganda kama tonge. Uchekecheni, ukausheni juu ya bati lenye moto chini yake, na uhifadhiwe penye paa. Kabla ya kuondoka, mtu mmoja aangalie kila bomba kwa macho yake mchanga ukitoka. Darjeeling huko India, ambako mlima ni mkali sana, watu hukaa mbele ya kichwa na kunyunyiza mchanga kwenye reli kwa mkono. Ni kazi ya hatari na sipendekezi muige, lakini inaonyesha uzito wanaoupa mchanga.

Maji yanatoweka kwenye kioo mkifika kileleni

Hapa naomba msome polepole. Mengine mengi katika maandishi haya yanachelewesha safari tu. Hili linaua.

Boila ni pipa refu lililolala, na nyuma yake kuna sanduku la moto. Paa la sanduku hilo ni bamba la chuma linalopigwa na moto kwa chini, na kinacholilinda lisilainike ni maji yaliyolifunika kwa juu. Kioo cha maji kilichoko mbele ya dereva kinaonyesha urefu wa maji hapo nyuma tu. Sasa, kichwa kikipanda mlima bomba la moshi likiwa mbele, maji yanajaa nyuma na kioo kinaonyesha mengi. Mnajiona matajiri wa maji. Pipa lenye urefu wa mita 5 kwenye mlima wa 1 kwa 50 lina tofauti ya sentimita 10 kati ya mbele na nyuma.

Mkivuka kilele na kuanza kuteremka mteremko kama ule, maji yote yanakimbilia mbele. Kwa pipa hilo hilo, maji ya nyuma yanashuka takriban sentimita 10, na kwenye vioo vingi hiyo inakaribia nusu ya kioo. Papo hapo dereva anafunga regyuleta kwa sababu hahitaji tena nguvu. Maji yaliyokuwa yamevimba kwa mapovu ya mchemko yanatulia na kushuka tena. Mambo mawili kwa dakika moja, na yote yanaelekea upande mmoja.

Usiku mmoja tulifika juu, kioo kikionyesha kama robo tatu. Mimi ndiye niliyekuwa na jukumu la maji, na niliona yanatosha, sikuongeza. Tulipovuka, maji yalishuka hadi kwenye kokwa ya chini ya kioo, kisha hayakuonekana. Dereva wangu, mtu mzima asiyepandisha sauti, alisema neno moja: "Zima." Tulikuwa tunachoma mafuta mazito, nikafunga mafuta, moto ukafa. Hakunikaripia. Alisimamisha treni mahali ambapo boila lilikaa sawa, tukasubiri, maji yakarudi kuonekana kwa urefu wa ukucha. Tungechelewa kidogo, kizibo cha madini ya risasi kilichoko kwenye paa la sanduku kingeyeyuka. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na kizibo hicho kimewekwa makusudi ili mvuke umwagike motoni kabla bamba lenyewe halijalainika. Bamba likilainika, boila linapasuka. Kosa lilikuwa langu, na tangu usiku ule sijawahi kuvuka kilele bila kuongeza maji nikiwa bado napanda.

Hivyo basi, mkiona kioo tupu: zimeni moto, msifungue regyuleta, na msisukume maji baridi kama hamna uhakika kwamba paa bado limefunikwa. Kwenye kichwa cha kuni au makaa ya mawe hamwezi kuzima kwa kufunga valvu, mnalazimika kuangusha moto au kuufunika kwa udongo mbichi. Kwa sababu hiyo pekee mimi ningependa treni ya watalii ya mlimani ichome mafuta.

Chanzo mara nyingi ni pale chini, kwenye uamuzi wa kichwa kielekee wapi. Kikipanda kinyumenyume, sanduku la moto ndilo lililoko juu mlimani, na paa lake linakuwa hatarini safari nzima. Kikipanda kikitazama mbele, halafu kikashuka mlima huo huo kinyumenyume, boila linainama upande ule ule kwenda na kurudi, na paa linabaki chini ya maji. Kwa safari ya kitalii inayopanda upande mmoja na kurudi, huo ndio mpango salama zaidi, na hauhitaji hata meza ya kugeuzia kichwa kule juu. Kwenye reli za meno za Uswisi, kama ile ya Brienz Rothorn, walikwenda mbali zaidi: boila limejengwa likiwa limeinama, ili mlimani likae sawa.

Mkipata nafasi ya kwenda Makumbusho ya Reli pale Nairobi, tazameni kile kichwa kikubwa kiitwacho Mount Gelai, nambari 5918. Ni kimoja kati ya 34 vilivyojengwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, na kina uzito wa zaidi ya tani 250. Boila lake limening'inizwa katikati ya mitambo miwili, fupi na nene. Unene huo una faida nyingi, na mojawapo ni kwamba kwenye pipa fupi maji hayana mbali pa kukimbilia.

Mvuke unapungua katikati ya mlima

Geji inashuka taratibu, mpigo unalegea, na abiria hawajui kitu. Tazameni moshi kwanza. Ukiwa mweusi tii, mafuta ni mengi kuliko hewa, na masizi yanajipaka ndani ya mirija. Masizi ni blanketi. Moto unawaka vizuri na joto halifiki kwenye maji. Tulikuwa tunatupia mchanga kidogo kavu kupitia tundu la sanduku la moto wakati kichwa kinavuta kwa nguvu, ukavutwa kupita kwenye mirija na kuisugua. Unaona wingu jeusi linatoka juu, kisha geji inaanza kupanda. Msifanye hivyo mbele ya stesheni au kwenye daraja lenye watu wanaopiga picha. Moshi mnaoutaka ni kijivu chepesi, unaouona na kuona kupitia.

Moshi ukiwa mzuri na mvuke bado unapungua, ulizeni ni lini mara ya mwisho mlango wa chumba cha moshi, kule mbele kabisa, ulikazwa ukaziba. Hewa ikiingia pale, mvuto wa moto unakufa. Mlango unaovuja huacha alama nyeupe ya kuungua ukingoni.

Na wakati mwingine faiamani amesukuma maji mengi kwa mkupuo, mahali pabaya. Maji ya baridi yanaua mvuke. Jazeni kwenye tambarare kabla ya mlima kuanza, kisha ongezeni kidogo kidogo bila kukatisha.

Bomba la moshi linatema maji

Matone machafu yanawarukia abiria wa behewa la kwanza, na mpigo unasikika mzito, kama mtu anayekohoa. Boila linapeleka maji kwenye silinda pamoja na mvuke. Mvuke unabanwa, maji hayabanwi. Pistoni ikiyakuta inaweza kupasua mfuniko wa silinda. Punguzeni regyuleta taratibu, fungueni vali za kutolea maji kwenye silinda, na maji kwenye boila yakiwa juu mno mwageni kidogo.

Chanzo kiko kwenye maji mliyojaza, na hapa watu wa ziwa tuna bahati yenye masharti. Maji ya Ziwa Viktoria ni laini, yana chumvi kidogo sana, hayajengi ukoko ndani ya boila kama maji ya visima vingi vya bara. Lakini ukingoni maji yana mwani wa kijani, yana vipande vya gugu maji, na yana sabuni, kwa sababu ukingoni ndipo watu wanapofulia na kuosha pikipiki. Sabuni na mafuta vinafanya boila litoe povu hata kama maji hayajazidi. Msichote ukingoni. Tumieni maji yaliyosafishwa, au mchote mbali na ufukwe na kuyapitisha kwenye chujio. Na kila jioni mwageni sehemu ya maji ya chini ya boila, kwa sababu uchafu unaobaki unazidi kukolea siku hadi siku.

Injekta inakataa kuingiza maji

Injekta ni kifaa kinachosukuma maji ndani ya boila kwa nguvu ya mvuke. Ikikataa, inatema mvuke na maji chini ya kichwa badala ya kusukuma ndani. Gusa tangi. Likiwa la moto kiasi cha kuumiza mkono, injekta haitafanya kazi, kwa kuwa inategemea maji baridi yaugandishe mvuke. Tangi lililokaa juani mchana kutwa kwenye reli ya pembeni ni chanzo cha kawaida, na valvu ya mvuke isiyofunga vizuri ni kingine. Funika injekta kwa tambara lililoloweshwa maji baridi, ngoja, jaribu tena. Isipokubali, fungua chujio. Hapo utakuta mizizi ya gugu maji. Injekta ziwe mbili zinazofanya kazi kabla ya kuondoka. Mkiwa na moja tu, hamjaondoka.

Treni imesimama mlimani na haitaki kuondoka

Msilazimishe zaidi ya mara mbili au tatu. Mnachimba reli na kumaliza mvuke. Zamani tuliigawa treni: nusu inapelekwa stesheni ya juu, kichwa kinarudi kuchukua nusu iliyobaki. Kwa mizigo ni sawa. Kwa behewa lenye watu mimi sikubali. Breki ya hewa inavuja polepole, na behewa lililoachwa mlimani kwa hewa peke yake litaanza kutembea. Breki za mkono zifungwe kila behewa, gadi aweke kabari, na kichwa cha dizeli kije kusaidia. Afadhali zaidi dizeli iwepo nyuma tangu mwanzo. Wapo wapenzi wa mvuke wanaoona hiyo ni aibu. Mimi naona ni namna ya kumrudisha kila mtu nyumbani jioni.

Harufu ya kuungua wakati wa kushuka

Kama ni harufu ya mafuta moto, ni beringi. Simameni, pakeni mafuta, guseni kila moja. Kama ni harufu ya chuma, ni breki.

Kwenye mteremko mrefu dereva anayebana na kuachia mara kwa mara anamaliza hewa kwenye matangi ya mabehewa haraka kuliko inavyojazwa, na ghafla anabana na hakuna kitu. Tumieni vishikizo vya breki vilivyo kwenye kila behewa, vinavyobakiza sehemu ya nguvu wakati dereva anajaza hewa, na anzeni kushuka polepole kuliko mnavyodhani inafaa. Kasi ikishapanda mlimani, kuirudisha ni kazi nyingine kabisa.

Mkipewa mabehewa ya zamani yenye breki ya vakyumu, kuweni waangalifu zaidi. Breki hiyo inasukumwa na uzito wa hewa ya nje. Usawa wa bahari hewa inakandamiza inchi 30 za zebaki. Hapa Mwanza na Kisumu ni kama 26. Mau Summit ni kama 22. Ejekta, kifaa cha mvuke kinachonyonya hewa kwenye mabomba ya breki, itahangaika kufikia inchi 21 mlizozoea kuziona kwenye geji, na breki itakuwa dhaifu pale pale mteremko unapoanzia. Jaribuni breki kule juu, hata kama zilikuwa nzuri chini.

Joto lina madhara mengine. Magurudumu ya kichwa na ya mabehewa mengi ya zamani yamevishwa pete ya chuma iliyopashwa moto ikaachwa ipoe hadi ibane. Breki zikiichemsha tena inapanuka, na inaweza kulegea ikazunguka peke yake. Pakeni mstari mmoja wa rangi nyeupe unaovuka kutoka kwenye pete hadi kwenye kitovu cha gurudumu. Mstari ukikatika, pete imesogea, na treni haiendelei.

Kwa hiyo pangeni kusimama katikati ya mteremko, robo saa, kwenye tambarare. Wageni washuke wakati mafundi wanapita na tochi wakisoma mistari na kukaribisha kiganja kwenye kila gurudumu. Waambieni ukweli kwamba tunasubiri vyuma vipoe. Miaka ile abiria walikuwa wanatufuata nyuma kimya, gurudumu kwa gurudumu, na watoto ndio waliokuwa wa kwanza kusema mstari huu uko sawa.